Maji ya Mgeni

Bi Barke hakuwa mwongo. Nalitanguliza hilo kwa sababu mpaka leo, ukitaja habari za kile kisima pale Bofu, ng'ambo ya feri, hakosekani mtu wa kusema, "Yule mama aliwadanganya watu wa afya." Hakudanganya mtu. Alifanya adabu, kama alivyolelewa, na adabu hiyo ikakaribia kumtoa roho mtoto wa watu.

Mwaka ulikuwa wa tisini na nne, masika ndiyo kwanza yameingia. Asubuhi moja alibisha hodi kijana mwembamba, begi la ngozi begani, akajitaja kuwa yeye ni Mwarandu, mpimaji wa maabara ya afya, na kwamba ametumwa kupima visima vyote vya upande ule kabla mvua hazijakolea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti kitako. Kwenu ni wapi?"

"Kaloleni."

"Aa, basi ni jirani." Kaloleni na Bofu si majirani hata kidogo, lakini kwa Bi Barke mtu yeyote aliyemwamkia vizuri alikuwa jirani. "Kunywa chai kwanza, ndio uniambie hivyo visima."

Mwarandu hakuwa na nafasi ya chai. Alikuwa na visima vinne vya kupitia, na gari la ofisi lingekuja kumchukua saa tano. Akatoa chupa ndogo ya kioo, kifuniko chake kimezungushiwa karatasi, akaiweka juu ya mkeka taratibu.

"Mama, naomba unijazie maji ya kisima mpaka hapa kwenye mstari. Usitie kidole ndani. Mimi naenda kisima cha msikitini, nikirudi naichukua. Nayapeleka kuyakagua."

Hapo ndipo alipokosea Mwarandu, na baadaye alikiri mwenyewe. Mpimaji huteka maji kwa mkono wake.

Kisima chenyewe kilikuwa kando ya nyumba, nje ya ukuta wa ua, kusudi mpita njia asihitaji kubisha. Alikichimba Mzee Nassor, mumewe Bi Barke, yeye na kibarua mmoja, wakavunja mawe kwa miezi mitatu. Kilipotoa maji alichukua ubao, akaandika kwa rangi nyeupe: MAJI HAYA NI SADAKA. Siku aliyokufa alimshika mkewe mkono akamwambia, "Barke, kisima kisifungwe." Hakutaja nyumba, hakutaja minazi. Na Bi Barke aliamini, kama walivyomfundisha chuoni alikosomea Kurani, kwamba kila tone linalotoka mle thawabu yake humfikia mumewe kaburini. Kwa miaka minane, kila aliposikia ndoo ya mtu ikigonga ukuta wa kisima, alisema moyoni: Hiyo yako, Nassor.

Sasa akaenda na ile chupa hadi kisimani, akachungulia. Mvua ya jana ilikuwa imeangusha majani ya mwarobaini, yanaelea, na maji yamegeuka rangi kidogo. Akasimama akiwaza. Mtu ametoka maabara, tena wa serikali, anataka kupeleka maji ya Nassor mbele ya wakubwa zake. Mtu akija kukukagua nyumba, hufagii? Iweje maji ya marehemu yaende kwa wakubwa na majani yake?

Akarudi ndani. Kwenye pembe ya ukumbi palikuwa na mtungi wa wageni. Kila Alhamisi Bi Barke alichota maji ya kisima, akayachemsha juu ya seredani ya makaa, akayaacha yakapoa. Kisha aliufukiza mtungi mtupu kwa ubani maka mpaka moshi ukajaa tumboni mwake, ndipo akayamimina. Yeye na mwanawe Idarus hawakuyagusa. Wao walikunywa ya kisimani moja kwa moja, kama alivyokunywa Nassor. Ya mtungi yalikuwa ya mgeni.

"Nayo si ya kisima?" alijisemea. "Ni yaleyale, yameogeshwa tu."

Akaosha kata, akajaza chupa mpaka kwenye mstari. Hakutia kidole ndani.

*

Baada ya siku nne ilikuja karatasi yenye muhuri. Idarus, aliyekuwa karani wa bohari bandarini na aliyependa sana kusoma vitu vyenye muhuri, aliisoma kwa sauti uani: hakukuonekana vijidudu vya kinyesi, maji yanafaa kunywewa. Bi Barke alijifuta macho kwa pembe ya leso. Idarus akachukua gundi, akaibandika kwenye mlango wa ua ili kila ajaye kuteka aione.

Aliyeisoma kwa makini kuliko wote alikuwa Nafula. Huyu alipanga chumba cha nyuma, katika vile vyumba viwili ambavyo Idarus alivijenga mwaka uliotangulia. Mumewe, Dishon, alikuwa utingo wa malori ya Malaba, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi akirudi sana. Nafula alibaki na binti yao Rosalia, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye Bi Barke alimwita Zalia na kumbeba mgongoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri mamake akifua nguo za watu.

Nafula alikuwa na tabia moja iliyomkera Bi Barke kimoyomoyo. Alichemsha kila tone. Tangu ahamie pale, jiko lake la mafuta ya taa lilinguruma jioni na sufuria ya maji juu yake. Bi Barke hakuwahi kumwambia neno, lakini kuona mtu akiichemsha sadaka ya mumewe kulimchoma, ni kama mtu kunusa chakula chako kabla ya kukila.

Jioni ile jiko halikunguruma.

"Mama Idarus," Nafula alisema, ameketi kizingitini na mtoto mapajani, "nimesoma hiyo karatasi. Kumbe nilikuwa nachoma mafuta bure. Tena nimeona haya. Hii maji ni ya mzee, ametoa kwa roho safi, na mimi nachemsha kama siamini watu. Unisamehe."

Bi Barke alitazama mlango wa ua. "Endelea tu kuchemsha, mwanangu. Hakudhuru."

"Lakini serikali imepima."

"Imepima, ndio."

Angeweza kusema pale pale. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: mwanangu, yale niliyompa ni ya mtungi. Lakini nasema wazi, alifurahi. Mpangaji wake aliyekuwa akiyakimbia maji ya Nassor sasa ameyakubali, na karatasi ya muhuri iko mlangoni. Isitoshe, kisima hakikuwahi kumdhuru mtu. Akamchukua Zalia mapajani mwa mamake, akamchezesha mpaka akasinzia.

*

Mvua ilinyesha wiki tatu. Jumapili moja Zalia aliamka moto mwili mzima, na kufika mchana alikuwa ameshachafua nepi zote zilizokuwapo nyumbani. Jumatatu asubuhi hakutaka ziwa wala uji.

Nafula hakuwa mjinga wa kulea. Kliniki walimfundisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, koroga, mpe kidogo kidogo. Bi Barke alikuwa uani akichambua mchicha. Alimwona akitoka na jagi, akaisikia ndoo ikigonga ukuta wa kisima, na safari hii hakusema lolote moyoni. Alimwona akirudi, akihesabu vijiko vya sukari huku midomo ikimcheza.

"Mama Rosalia."

"Abee." Neno hilo alilipata hapo hapo nyumbani, na Bi Barke alipenda kulisikia kinywani mwake.

"Hayo usimpe. Chukua ya mtungi wangu."

"Hayo ni ya wageni, Mama Idarus. Mimi si mgeni, mimi ni wa nyumba hii." Alitabasamu ijapokuwa macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Kliniki walisema maji safi. Na hii ni safi, karatasi iko hapo mlangoni."

Akakaa kitako, akamwegemeza mtoto kifuani, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Zalia alikuwa na kiu. Alikunywa akiushika mkono wa mamake asiuondoe. Bi Barke alitazama kijiko kikipanda na kushuka, mchicha umemwanguka mapajani. Alasiri, Nafula alipokwenda kuanua nguo, aliinuka, akalimwaga lile jagi kwenye migomba, akakoroga jingine kwa maji ya mtungi. Lakini mtoto alikuwa ameshakunywa nusu ya lile jagi la kwanza.

Jumanne alfajiri nepi ilikuwa na damu. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama ndani, na alipolia hakutoka chozi. Bi Barke alijitupia buibui, Nafula akamfunga mtoto kifuani, wakavuka feri wakiwa wamesimama.

*

Hospitali ilijaa akina mama wa masika, kila mmoja na mtoto wake mlegevu. Daktari alimshika Zalia tumbo, akambana ngozi kwa vidole, akaandika haraka: atundikiwe maji, achomwe sindano asubuhi na jioni, maana vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Kisha muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye miwani, akaketi na faili kumhoji Nafula.

"Maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Kisimani."

"Unachemsha?"

"Nilikuwa nachemsha. Halafu kilipimwa." Nafula akafungua kibindo cha leso akatoa karatasi. Kumbe alikuwa ameibandua mlangoni asubuhi ile, akijua ataulizwa. "Kiko safi. Ona muhuri."

Muuguzi aliisoma, akairudisha. Sauti yake ikabadilika. "Basi kama si maji ni wewe. Nyinyi wasichana mnakuja mjini, mnafua nepi, halafu mkono uleule unaingia kwenye uji wa mtoto. Hebu nione kucha."

Nafula akanyoosha mikono. Ilikuwa imekwajuka kwa sabuni ya kufulia nguo za watu, mikono misafi kuliko yoyote mle wodini. Muuguzi akaigeuza huku na huku mbele ya akina mama wengine, na wengine wakachungulia.

"Mimi nanawa," Nafula alisema polepole. "Wallahi nanawa." Nafula alikuwa Mkristo, lakini neno alilolipata kinywani ni la nyumba aliyoishi.

"Wote mnasema hivyo. Mtoto akifa ndio mnajua kunawa."

Bi Barke alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika chupi na nepi za mtoto kwenye mfuko. Aliitazama ile mikono imenyooshwa. Akaufikiria ubao wa kisimani, akamfikiria Nassor, na nadhani alimwomba radhi hapo hapo, maana midomo ilimtikisika kabla ya sauti kutoka.

"Muachilie mikono yake," alisema. "Huyu ni msafi. Hii karatasi si ya kisima."

"Mama, subiri nimalize."

"Sisubiri. Yule kijana wa maabara alinitaka maji ya kisima, nikampa ya mtungi. Yamechemshwa, yamefukizwa ubani. Niliona aibu kumpa mgeni maji yenye majani. Haya, kisima changu hakijapimwa. Huyu alikuwa akichemsha kila siku, na aliacha kwa sababu yangu."

Muuguzi alivua miwani. Nafula hakugeuka. Alikunja vidole vyake kimoja kimoja, akaiweka mikono mapajani, akaitazama.

"Ulijua?" aliuliza. "Jana nikikoroga, ulijua?"

"Niliogopa tu, mwanangu. Kujua sikujua."

"Uliogopa, na ukaniacha nimpe."

Bi Barke akaweka mfuko wa nepi juu ya kiti, akatoka. Hakwenda nyumbani. Aliuliza njia mpaka akaifikia maabara ya afya, akamkuta Mwarandu amevaa koti jeupe, akamsimulia yote kwa pumzi moja akiwa amesimama. Mwarandu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya stuli akajishika kichwa.

"Mama, kosa ni langu. Ile chupa sikutakiwa kuiacha mkononi mwa mtu."

"Lako lina fungu lake na langu lina fungu lake," Bi Barke alisema. "Chukua chupa zako, twende."

*

Safari hii Mwarandu aliteka mwenyewe, kwa kopo alilolipitisha motoni na kulifunga kamba. Akachukua chupa moja ya kisima na moja ya mtungi, akaenda nazo maabara zikalale kwenye joto. Kesho yake saa kumi jioni alirudi na mirija miwili ya kioo na taa ndogo ya betri, nyeusi, isiyofanana na taa yoyote aliyopata kuiona Bi Barke.

Mrija wa mtungi ulikuwa mweupe kama ulivyokuwa. Wa kisima ulikuwa wa manjano.

"Hiyo manjano peke yake haitoshi kusema," Mwarandu alisema. "Nataka giza."

Nyumba nzima haikuwa na giza saa ile. Walifunga dirisha la chumba cha Bi Barke, mwanga ukaendelea kupenya chini ya makuti. Mwishowe Bi Barke alifungua sanduku, akatoa leso mbili nzito za doti, akazikunjua. Hivyo ndivyo walivyokaa mkekani watu watatu, mama mtu mzima, mwanawe na mpimaji wa serikali, wamejifunika vichwa kama watoto wanaocheza kibe, mchezo wa kujificha.

"Ndani ya mirija hii nimetia sukari," Mwarandu alieleza. Sauti yake ilikuwa karibu sana na sikio la Bi Barke. "Si sukari ya chai. Imegeuzwa na mafundi, wakaifunga kitu mgongoni. Ikikaa hivyo hakionekani. Viko vijidudu, makao yao ni tumboni mwa watu na wanyama. Hivyo hupenda sukari hii, huing'ata wapate kuila. Wakiing'ata, kile kilichofungwa kinafunguka. Na kikifunguka, chini ya taa hii kinawaka."

"Yaani mnawatega kwa sukari."

"Ndiyo, mama. Wakila tu, wamejitaja."

Akawasha taa. Akaupitisha kwanza mrija wa mtungi, na haukuonyesha kitu, giza tupu. Akaleta wa kisima. Ukawaka buluu chini ya leso, buluu laini, iliyotulia, mpaka ndevu za Idarus zikaonekana na machozi ya mamake yakaonekana.

Idarus akasema Subhanallah, kwa sauti ndogo.

"Mzuri," alisema Bi Barke. "Ungenionyesha bila kuniambia, ningesema ni nuru." Akautazama tena. "Yote haya alikuwa akiyanywa Zalia?"

"Ndiyo, mama."

"Na sindano anayochomwa, itawaweza?"

"Inaelekea itawaweza. Nayo, ukiitazama ilivyojengwa, ni sukari kadhaa zilizogeuzwa zikaunganishwa. Ikiingia ndani ya kijidudu humvuruga kazi, asiweze tena kujijenga, akafa. Wapo mafundi siku hizi kazi yao ni hiyo tu, kuigeuza sukari hivi na hivi, waone ipi itatujulisha wadudu na ipi itawaua."

Bi Barke akafikiri chini ya leso yake. "Na ile sukari aliyoikoroga mamake kwa maji yangu, vijiko sita? Hiyo mafundi wanaiitaje?"

Mwarandu alizima taa.

Walipotoka nje alipima kwa hatua kutoka kisimani hadi choo cha shimo cha wapangaji, nyuma ya ukuta. Hatua kumi na nne. Idarus alimfuata nyuma akihesabu naye, na alipofika ya kumi na nne uso ulikuwa umemshuka. Choo hicho alikichagulia mahali yeye, mwaka uliopita, kwa kuwa udongo pale ulikuwa laini kuchimba.

"Na wakati ule uliniuliza, mama," alisema. "Uliniuliza, si karibu mno? Nikakwambia udongo unachuja."

"Uliniambia," Bi Barke alisema. "Nami nikanyamaza. Nyumba hii tumenyamaza sana. Leta mbao."

Idarus alileta mbao nne na misumari. Bi Barke alisimama karibu mpaka wa mwisho ulipopigiliwa. Mwanaima wa nyumba ya pili alikuja na ndoo zake mbili, akakuta kisima kimefunikwa, akauliza kuna nini. Bi Barke alimweleza yote bila kuficha, la mtungi, la mtoto, la choo. Kisha akaja mwingine, akamweleza tena. Jioni ile alilieleza mara kumi na moja, na kila mara lilimuuma upya.

*

Zalia alikaa hospitali siku nane. Bi Barke alivuka feri kila asubuhi na chupa ya uji na chupa ya maji. Nafula alizipokea, akasema asante, akanyamaza. Hakumtukana, wala hakumkaribisha kitandani. Bi Barke aliketi kwenye benchi la nje ya wodi mpaka saa za kutazama wagonjwa ziishe, akichungulia mlangoni, akiona tu mguu mdogo umefungwa bandeji ya sindano. Siku ya tano ule mguu ulipiga teke shuka. Bi Barke alicheka peke yake pale bencheni, mlinzi akamtazama.

Nyumbani alikuwa na kazi nyingine. Ubao wa Nassor aliung'oa kisimani kwa mkono wake, akaufuta vumbi. Maji ya mfereji yalitoka Bofu mara mbili kwa wiki yakipenda, kwa hiyo Idarus alianza kuyaleta kwa mkokoteni kutoka kituo cha mbali, mapipa mawili kila Ijumaa na Jumatatu, ingawa mgongo ulimuuma na wenzake wa bohari wakimuuliza tangu lini amekuwa mchukuzi. Bi Barke akayachemsha yote, akaufukiza mtungi, na akamtuma Idarus mji wa kale akamletee mitungi mingine miwili mikubwa. Akaipanga yote mitatu nje barazani, pale mpita njia anapofika bila kubisha. Akafunika kila mmoja kwa kitambaa cheupe, akaweka kata yenye mpini mrefu mtu asitie mkono. Juu yake akauning'iniza ubao.

Watoto wa madrasa ndio waliokuja kwanza, wakanusa ubani, wakatazamana, kisha wakanywa.

Jumatano saa nane Nafula alirudi. Dishon alikuwa bado yuko njiani na lori, hivyo alikuja peke yake kutoka kivukoni, mtoto mgongoni, mfuko mkononi. Zalia alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, lakini macho yamerudi mahali pake na yalikuwa yakimtafuta mtu. Bi Barke alikuwa ndani ukumbini. Alimwona kupitia mlango ulio wazi. Hakutoka. Aliogopa, mtu mzima yule, aliogopa kutoka kwenye kizingiti chake mwenyewe.

Nafula alisimama mbele ya mitungi. Akausoma ubao, akakitazama kisima kilichopigiliwa mbao. Akaweka mfuko chini.

"Hii si ile ya wageni?" aliuliza, bila kumtazama mtu.

"Ndiyo," Bi Barke alijibu kutoka ndani. "Nimeona kila mtu ni mgeni."

Nafula akafunua kitambaa, akachota kwa kata, akanywa yeye kwanza mpaka ikaisha. Akachota tena, akamsogeza mtoto ubavuni, akamnywesha taratibu. Bi Barke aliisikia kata ikigonga mdomo wa mtungi. Hiyo yako, Nassor, alisema moyoni, akakaa sakafuni.

Zalia alikuwa ameshamwona. Alinyoosha mikono, akapiga kelele zake za kudai mgongo. Nafula alimfungua leso, akamshusha kizingitini, na mtoto akaingia akiyumbayumba mpaka kwenye mapaja ya bibi yake, akajitupa pale.

Nafula alibaki mlangoni akiwatazama. Kisha akakunja mikono ya gauni lake mpaka viwikoni.

"Mama Idarus, seredani iko wapi?" alisema. "Maji ya kesho nachemsha mimi."